Mrejesho: Mashine ya kukatakata matawi kwa trekta, nusu eka Karen, Nairobi

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini mashine yangu ya kukatakata matawi, inayozungushwa na shafti ya trekta, inakwama kila baada ya dakika chache. Nusu eka yangu ilikuwa imejaa matawi ya mgrevilea na mkaratusi.

Asanteni sana. Aliyeniambia nikague mwendo wa shafti kabla ya kulaumu mashine alilenga palepale. Dereva alikuwa akiendesha kwa moto mdogo, yaani injini ikizunguka polepole, ili kuokoa dizeli, ilhali mashine hii imeundwa kwa mizunguko 540 kwa dakika. Tulipopandisha moto hadi alama ya 540, matawi manene kama mkono yalipita bila shida. Visu navyo vilikuwa butu. Fundi wa jua kali amevinoa.

Kilichoshindikana ni vijiti vibichi vyenye majani mengi. Kuvichanganya na matawi makavu kumesaidia kidogo tu, bomba la kutolea vipande bado linaziba. Hivyo sasa navitupa kwenye shimo la mboji.

Na yule aliyesisitiza usalama, Mungu akubariki. Niligundua kijana ninayefanya naye kazi alikuwa akizibua kwa mkono visu vikiwa bado vinazunguka! Nilishtuka mno. Siku hizi trekta inazimwa kwanza, ufunguo unakaa mfukoni mwangu, tunangoja kila kitu kisimame kabisa ndipo tuguse.

Vipande nimetandaza chini ya miparachichi, nikiacha nafasi kidogo kuzunguka shina.