Nauza nyumba Tegeta: nirekebishe nini kabla wanunuzi na mafundi wao hawajaanza kuja?

Mama_Kibaoni
Wakuu, habari za leo. Nyumba ipo Tegeta, kiwanja kimepimwa, mita za mraba 620, hati ipo kwa jina la mume wangu. Vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko na stoo. Matofali ya inchi 6, bati geji 30 la mwaka 2009, dari la jipsamu. Kasoro zinazoonekana: chumvi inakula ukuta wa sebule na korido hadi usawa wa goti, madoa mawili ya rangi ya chai kwenye dari la chumba cha nyuma, ufa unaoshuka kutoka kona ya dirisha la jiko, na fremu ya choo cha nje imeliwa na mchwa. Bajeti ni milioni nne, haiongezeki. Dalali anasema nipige rangi nyumba nzima na niweke paving mbele, eti mnunuzi ananunua kwa macho. Nianzie wapi? Fundi wa mnunuzi huwa anakagua nini? Na siku ya kuonyesha niiandaeje?

Pimamaji
Mama, paving iache kabisa. Rangi iwe ya mwisho, na isipigwe popote kabla chanzo cha doa hakijazibwa.

Anza na paa kwa sababu kila kitu kingine kiko chini yake. Panda darini saa sita mchana jua likiwa kali, zima tochi, subiri macho yazoee giza. Popote unapoona nukta ya mwanga, maji yanapita hapo. Bati la umri huo kwa kawaida halijatoboka lenyewe, ni raba za misumari zimekauka na kupasuka, au bonde la paa limejaa majani na maji yanarudi nyuma chini ya bati. Msumari uliolegea usigongelewe tena pale pale maana tundu limeshapanuka. Ng'oa, weka skrubu nene zaidi yenye raba mpya. Bonde lisafishwe, maungio yapakwe lami au utepe wa lami. Kagua na ubao wa ukingoni, ile fishabodi, kwa bisibisi: ikizama kama kwenye keki, ubao umeoza. Kisha mwaga maji kwa mpira juu ya sehemu hiyo dakika 15 huku mtu mwingine akiwa darini na tochi. Pakiwa pakavu ndipo ushughulikie doa. Doa la chai ukilipaka rangi ya maji moja kwa moja, ndani ya siku chache linajitokeza tena kwa sababu maji ya rangi yanaliyeyusha na kulivuta juu. Lipake kwanza mkono mmoja wa rangi ya mafuta au undakoti ya mafuta, ikauke, ndipo rangi ya dari. Jipsamu iliyolegea ukiibonyeza kwa kidole hairekebishiki, kata kipande uweke kingine.

Chumvi ndiyo kazi yenyewe. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia tofali, yanafika usoni mwa ukuta, yanakauka na kuacha chumvi inayosukuma lipu na rangi nje. Kwa nyumba za ukanda wa pwani huwa ni moja kati ya haya: nailoni ya msingi (ya kuzuia unyevu wa ardhini) haikuwekwa, au mchanga wenye chumvi ulitumika, au udongo wa nje umepandishwa juu kuliko jamvi (zege la sakafu) la ndani. Hilo la tatu lianze kwanza kwa kuwa ni la bure. Toka nje upime: ardhi inatakiwa iwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 au zaidi. Kama kuna bustani ya maua inayomwagiliwa ikigusa ukuta huo, iondoe. Na hapo ndipo ninapogombana na hao wa paving: wakiijaza mpaka ukutani wanapandisha ardhi, na chumvi inafika kiunoni.

Baada ya hapo, kwangua lipu yote hadi nusu mita juu ya alama ya mwisho ya unyevu, mpaka tofali lionekane. Futa chumvi kwa brashi kavu. Usiioshe kwa maji, itayeyuka irudi ndani. Acha ukuta wazi wiki tatu hadi nne, madirisha yakiwa wazi. Lipu mpya iwe saruji moja kwa mchanga nne, mchanga wa mto uliochekechwa, na dawa ya kuzuia maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Halafu siku 28 kabla ya rangi. Usikubali skimu ya jipsamu (tabaka la kulainisha ukuta) kwenye ukuta huo, jipsamu inanyonya maji kama sponji. Rangi ya mafuta nayo hapana: inafungia unyevu ndani na kutoa malengelenge.

Ufa: weka alama ya penseli mwanzo na mwisho wake, andika tarehe, pima upana. Chini ya milimita moja na upo kwenye lipu tu, ni lipu ilikauka haraka. Ukizidi milimita tatu na unaonekana pande zote mbili za ukuta, au unashuka kwa ngazi ngazi kufuata matofali, kuna kinachosogea: linta fupi (boriti ya juu ya dirisha, inatakiwa ikalie ukuta sentimita 15 hadi 20 kila upande), bomba linalovuja chini, au shimo la maji taka lililo karibu mno na msingi. Huo mwite mhandisi auangalie kabla hujaufukia.

Mzaramo_wa_Boko
Mnampa mama kazi ya miezi miwili. Piga rangi, funga mapazia mazuri, uza. Mnunuzi atarekebisha mwenyewe.

Pimamaji
Mzaramo, fundi wa mnunuzi akikuta rangi mbichi kwenye ukuta mmoja tu, tena kuanzia chini hadi kiunoni, anagonga hapo hapo kwa kifundo cha kidole. Lipu iliyoachia inalia kama debe tupu. Kuanzia hapo haamini kitu kingine chochote ndani ya nyumba hiyo, na bei anayoitoa inakuwa ya mtu aliyedanganywa.

Chemba_Mbili
Naongezea ya maji na umeme, maana wanunuzi wa siku hizi wanakuja na mafundi wawili.

Uvujaji: funga koki zote, soma mita ya DAWASA, kaa nusu saa, soma tena. Namba ikisogea kuna bomba linavuja, mara nyingi kwenye maungio chini ya sakafu ya bafu au kwenye flashi tenki. Doa la maji pembeni ya mguu wa choo usilifiche kwa saruji nyeupe.

Maji taka: fundi atafungua chemba zote (visanduku vya kukagulia bomba la maji taka), kwa hiyo uwe umezifungua wewe kwanza. Achia bomba mbili na uflashi vyoo vyote kwa dakika 20 huku ukitazama. Maji yakisimama kwenye chemba, tatizo ni mteremko au kitambaa kimenasa. Yakipita lakini shimo la kunyonya (linaloachia maji taka yaingie ardhini) likapanda hadi mdomoni, limechoka. Usiite gari la kunyonya siku mbili kabla ya ukaguzi ukadhani umemaliza. Fundi mzoefu akikuta shimo tupu kabisa anauliza limenyonywa lini, na harufu na tope kwenye mfuniko vinamjibu. Linyonye wiki tatu kabla, kisha andika limejaa kwa kasi gani. Kama linarudi kujaa ndani ya siku chache bila matumizi makubwa, ni maji ya ardhini yanaingia. Masika ndipo hali hiyo inapoonekana zaidi.

Umeme: fundi atafungua meni swichi. Anatafuta waya wa ethi uliofungwa kweli kwenye rodi iliyo ardhini (wengi wana rodi, waya umekatika zamani), na breka ya kukata umeme unaovuja, ambayo ukibonyeza kitufe cha majaribio inakata papo hapo. Taa ni waya wa milimita za mraba 1.5, soketi 2.5. Penye aibu ni hita ya kuogea. Hita ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 24, na ukikuta imeunganishwa kwenye waya wa soketi, plagi na swichi zimeshaanza kuwa kahawia. Vutia waya wa milimita za mraba 4 peke yake kutoka kwenye breka yake. Ni kazi ya nusu siku.

Mchwa: fremu ya choo cha nje si tatizo, ibadilishe. Tatizo ni njia zao za udongo kama zinapanda ukutani kuelekea kenchi (mbao zinazobeba paa). Zifuate hadi mwisho, na upige dawa ardhini kuzunguka msingi. Kupaka mbao peke yake hakuwafikii walio chini.

Karani_wa_Masjala
Wote mmeanza na nyumba. Mnunuzi makini anaanza na karatasi, na mwanasheria wake atafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla hajamlipa fundi wa kukagua. Kwa hiyo:

Hati imebakiza miaka mingapi? Zipo za 33, 66 na 99. Kodi ya pango la ardhi ilipwe hadi mwaka huu, chukua namba ya malipo ulipe, bila hivyo uhamisho hauendi. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Mita ikikaa bila kununuliwa umeme, deni linajikusanya na mnunuzi atalikuta.

Hati kuwa kwa jina la mumeo haimpi ruhusa ya kuuza peke yake, wala wewe kuuza bila yeye. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinataka ridhaa ya mwenza kwa nyumba ya ndoa. Iandae kwa maandishi mapema. Uhamisho wenyewe unapita kwenye fomu namba 29, 30 na 35 pamoja na ripoti ya mthamini iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Muhuri wa serikali ya mtaa hauhamishi hati.

Kodi ya ongezeko la mtaji ni juu ya muuzaji: asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Mfano, gharama zako zenye ushahidi ni milioni 60 na umeuza 110, faida ni 50, kodi ni milioni 5. Asiye na kumbukumbu za gharama anatozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Nyumba uliyoimiliki na kuishi kwa jumla ya miaka mitatu au zaidi ina msamaha kama faida haizidi milioni 15. Gharama za kuboresha na kukarabati zinaingia kwenye hesabu, kwa hiyo bati, saruji na rangi za sasa zote dai risiti ya EFD (ya mashine ya kodi). Ushuru wa stempu wa asilimia 1 kwa desturi ni wa mnunuzi, ila uandikwe kwenye mkataba.

Na tafuta bikoni zako, zile alama za mipaka ya kiwanja. Fyeka, chimba kidogo, zipake chokaa. Ukuta wa uzio ukiwa umevuka bikoni, afadhali ujue leo kuliko mpimaji wa mnunuzi akuonyeshe.

Kifunguo
Kuhusu kuonyesha. Panga watu wawili au watatu asubuhi moja, saa tatu hadi saa tano, kabla bati halijaanza kuoka vyumba. Madirisha yafunguliwe saa moja kabla, mapazia yavutwe yote, nyavu za mbu zifutwe vumbi. Usichome udi mwingi wala kupuliza manukato, mtu anajiuliza unaficha harufu gani. Simtanki lijae ili koki zisitoe pumzi. Punguza samani: kochi la ziada na madumu yaliyo korido yaende stoo, ila ile stoo nayo isijae hadi mlango usifunguke, maana itafunguliwa. Mbwa afungwe.

Dalali asiachiwe funguo. Simu, dawa na vyeti vifungiwe. Nakala ya hati usitume kwa WhatsApp kwa kila anayeuliza. Mpe namba ya hati na kiwanja afanye upekuzi, nakala ukimpa, ipigwe mstari juu yake ukiandika aliyepewa na tarehe. Hati halisi ionekane ofisini kwa mwanasheria tu. Na dalali akitoza watu hela ya kuonyeshwa kwa jina lako, mkanye mapema, inakufukuzia wanunuzi.

Picha: simama kwenye kona ya chumba, simu iwe usawa wa kifua na ilale, mchana, taa zikiwa zimezimwa. Piga na chemba, paa na meni swichi.

Mama_Kibaoni
Asanteni sana, nimeandika yote. Sasa kuna mtu anataka kuja Jumamosi hii na ukuta wa sebule tumeukwangua jana. Nimwahirishe? Na rangi ninunue kiasi gani?

Pimamaji
Usimwahirishe. Fagia vumbi, acha tofali wazi, na uweke mezani karatasi ya fundi: ukuta umekwanguliwa tarehe fulani, lipu tarehe fulani, saruji mifuko kadhaa, gharama kiasi fulani. Akitaka kununua kabla hujamaliza, mnakatana kiasi hicho na si zaidi. Tofali wazi lenye maelezo halimtishi mtu anayejua kujenga.

Rangi: chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye ukuta wa mita 2.8 kina mita za mraba 42. Toa milango na madirisha, inabaki kama 37. Mikono miwili ni 74, na lita moja inafunika mita za mraba 8 hadi 10, kwa hiyo lita 8 au 9 kwa chumba. Ndoo ya lita 20 inamaliza vyumba viwili na chenji. Rangi moja nyumba nzima, nyeupe isiyokoza, ili ndoo zisibaki nusu nusu. Ukuta wa chumvi usiuguse hadi hizo siku 28 ziishe hata kama dalali analia.

Chemba_Mbili
Na hiyo Jumamosi mwonyeshe chemba kabla hajaomba.