Mkojo wa rangi ya strungi baada ya kazi ya chumvi: je, chumvi inaingia kwa miguu?

Dada wa Gongoni:

Hamjambo wenzangu. Naandika kutoka Gongoni, pwani ya Kenya, ukishavuka mto Sabaki na kuipita Mambrui. Huu ni mwaka wangu wa sita kwenye mashamba ya chumvi. Kampuni siitaji. Kibarua chetu ni cha siku kwa siku, na jina likitoka kwenye daftari la msimamizi halirudi.

Mimi nakwangua. Maji ya bahari yanavutwa na pampu kutoka horini, yanahamishwa bwawa hadi bwawa huku jua na upepo vikiyala, mpaka bwawa la mwisho libaki na ganda jeupe. Ganda hilo tunalivunja, tunalikusanya mafungu, wanaume wanalisomba kwa toroli. Tunaingia saa kumi na mbili asubuhi, tunatoka saa nane, siku nyingine saa tisa. Kaskazi hii jua linakupiga utosini, kisha linagonga chumvi na kukurudia usoni. Leso yangu nikiivua jioni imekakamaa kwa jasho lililokauka.

Tangu Januari mkojo wangu wa jioni umekuwa kama strungi, na unachoma. Kiuno nacho hakikunjuki. Asubuhi nameza diklofenaki mbili za dukani, zile dawa za maumivu, adhuhuri moja tena. Kundi letu zima tunafanya hivyo, la sivyo mafungu hayafiki. Maji nabeba chupa ya nusu lita na mara nyingi narudi nayo haijaisha. Nawaambia ukweli, nakunywa kidogo kwa makusudi, maana choo hakuna. Kuna vichaka vya mikoko tu, na huko ndiko wanakopita vijana wa pampu.

Kilichonitia hofu ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Ana miaka 34, ameendesha toroli miaka tisa. Mwezi jana ameambiwa figo zake zimefika mahali pa kuoshwa damu kwa mashine. Hana sukari, hana presha. Kina mama wakubwa hapa wanasema chumvi huingia kwenye nyufa za nyayo ikaenda kutua kwenye figo. Ni kweli? Nikinunua buti za mpira nitakuwa salama?

Mzee wa Marereni:

Mwanangu, pole na shemeji. Mimi nimeanza kazi hii kijana na nimeiacha mvi zimeshajaa. Maji mengi yanakulegeza mwili, tumbo linacheza, kazi haiendi. Sisi tulikuwa tunajikaza mpaka adhuhuri ndipo tunakunywa kwa pamoja. Mwili huzoea. Miguu ndiyo uiangalie, paka mafuta ya nazi kabla ya kuingia.

Tabibu, Malindi:

Dada, nianze na miguu. Buti nunua, kwa sababu maji yale makali yanatafuna ngozi na nyufa zinaingiza vidudu. Lakini chumvi haipiti kwenye nyayo ikaenda kukaa kwenye figo. Kinachonitisha katika maelezo yako ni jua, chupa ya nusu lita na zile diklofenaki tatu, vyote ndani ya siku moja.

Ukikaukiwa na maji mwili unabana mishipa ili damu isipungue moyoni na kwenye ubongo. Figo zina namna yao ya kuuacha mshipa wao wazi kidogo ili ziendelee kuchuja. Diklofenaki na brufeni zinaizuia namna hiyo. Kwa mtu aliyekunywa maji ya kutosha, akameza siku mbili tatu, kwa kawaida figo hustahimili. Wewe unazimeza kila siku, umekauka, huku misuli inafanya kazi nzito. Ziache leo. Maumivu yakizidi meza parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Na kwa huo mkojo unaochoma usisubiri wiki iishe, nenda kapimwe. Inaweza kuwa maambukizi, na maambukizi yanatibika.

Ugonjwa wa shemeji yako daktari wake ndiye wa kuueleza. Ila maneno yako, kijana, hana sukari, hana presha, yananikumbusha habari za Amerika ya Kati. Mwaka 2002 madaktari wa El Salvador waliandika kwamba wengi wa wagonjwa wao wapya wa figo hawakuwa na sukari wala presha. Wengi walikuwa wanaume wa mashambani, kutoka ukanda wa pwani. Baadaye ilionekana vivyo hivyo Nicaragua kwa wakata miwa. Dawa za kunyunyizia mashamba zimechunguzwa pia na mjadala unaendelea, lakini ushahidi mzito uko kwenye joto na kazi ngumu siku baada ya siku. Na chumvi haikusahauliwa: watafiti wa Chennai, India, walipima joto kwenye mashamba ya chumvi ya Tamil Nadu wakakuta wafanyakazi wengi mno wako juu ya kiwango kinachokubalika. Shirika la Kazi Duniani, katika ripoti yake ya 2024, linakadiria watu milioni 26.2 wanaishi na ugonjwa sugu wa figo unaohusishwa na joto la kazini.

Kwenye kiwanda kimoja cha sukari huko Nicaragua watafiti waliwafuata wakata miwa msimu mmoja, kisha mapumziko yakaongezwa, maji na kivuli vikaboreshwa, wakawafuata msimu wa pili. Kuumia kwa figo miongoni mwa wakataji wa miwa iliyochomwa, wenye kazi nzito kuliko wote, kulipungua kwa zaidi ya nusu. Hakuna dawa iliyotumika.

Mzee wangu, kwa heshima, mwili kuzoea ni kweli. Lakini unazoea joto, hauzoei kiu. Ndiyo maana taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini inashauri mgeni wa kazi ya jua aanze na sehemu ya tano tu ya kazi siku ya kwanza, aongezwe kidogo kidogo. Na tumbo linacheza ukiyanywa yote kwa mkupuo. Kikombe kimoja, kama robo lita, kila dakika 15 hadi 20, tumbo halichezi nacho. Msipite lita moja na nusu kwa saa, maji kupita kiasi nayo yana hatari yake. Soda isiwe badala ya maji. Panya waliokaushwa kwa joto kisha wakanyweshwa maji ya sukari kama soda, figo zao ziliharibika zaidi ya wale walionyweshwa maji matupu.

Suala la choo nimeliacha mwisho kwa kuwa ndilo linalonikera. Mwanamke anajinyima maji saa nane nzima kwa sababu ya stara yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye kazi aweke maji safi ya kunywa na vyoo vya kutosha. Kibarua wa siku naye ni mfanyakazi.

Mama Riziki:

Dada, kwetu upande wa juu tulikuwa wanawake kumi na wanne na tulikuwa kama nyinyi. Tulikwenda wote kwa msimamizi, hakwenda mmoja, ili asipate wa kumfuta. Hatukudai pesa. Tulidai majerikeni mawili ya lita 20, banda la makuti na choo cha shimo chenye mlango. Majerikeni tukayavisha gunia tukawa tunalimwagia maji. Gunia bichi likipigwa na upepo, maji ya ndani yanakaa baridi mpaka adhuhuri. Kikombe tukakifunga kwa kamba. Tukaomba pia kuanza saa kumi na moja alfajiri. Alikataa wiki mbili. Alipokubali tulihesabu mafungu: hayakupungua, kwa sababu zamani kuanzia saa tano tulikuwa tunasimama tu na jembe mkononi.

Choo ndicho kilichochelewa. Msichoke kukiulizia.

Dada wa Gongoni:

Nimewasoma wote, Mzee pia, asante. Jana nimekwenda kupimwa. Mkojo una maambukizi, nimepewa dawa. Kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo kimeonyesha protini kidogo. Damu wamenitoa kupima kreatinini, taka ya damuni inayoonyesha figo zinachuja vipi. Nesi amesema hata ikitoka nzuri nirudi baada ya miezi mitatu, maana ugonjwa sugu wa figo hauthibitishwi kwa kipimo cha siku moja. Namba zote nimeziandika nyuma ya daftari la mtoto.

Diklofenaki nimeacha siku ya nne leo. Kiuno kinauma sana, sitaficha. Nabeba dumu la lita tano, nalifunika kwa leso iliyolowa.

Wanawake tisa wamekubali. Wawili wanaogopa, na siwalaumu. Ijumaa baada ya mafungu tunamwona msimamizi, na cha kwanza tutakachosema ni choo.