Nakatwa pesa ya chama kila mwezi, nimefiwa na baba naambiwa si mwanachama. Nifanyeje?

BintiMokowe
Asalaam alaikum, na wengine hamjambo.

Mimi ni karani katika taasisi ya umma hapa Malindi. Kabla ya hapa nilifanya kazi Lamu kwa mwajiri mwingine wa umma, na huko nilikuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi tangu nilipoajiriwa. Nilipohamia kazi hii nikakuta chama ni kile kile. Mwakilishi wetu wa idarani akanipa fomu, nikajaza, nikatia sahihi, nikamrudishia. Tangu hapo slipu yangu ya mshahara ina makato ya chama, hayajaruka hata mwezi mmoja.

Juzi baba alifariki kwetu Lamu. Chama kina mkono wa rambirambi kwa mwanachama aliyefiwa na mzazi, na wenzangu kadhaa kazini wameshapewa. Baada ya hitima nikapeleka barua tawini pamoja na kibali cha mazishi. Katibu akafungua daftari, jina langu halimo. Akaniambia, "Dada, wewe si mwanachama wetu." Nikamwonyesha slipu, akasema hilo nimuulize mwajiri. Kwa mwajiri, ofisi ya mishahara ikasema pesa zinapelekwa chamani, nikaulize chama.

Nimekopa kwa jamaa kukidhi gharama za msiba nikijua chama kitanishika mkono, na deni hilo lipo. Lakini kilichoniuma zaidi ni kukanwa wakati ule, na matanga hayajaanuliwa vizuri. Kuna mtu anakula pesa zangu? Naweza kudai nirudishiwe zote? Au nijitoe tu?

NahodhaMkavu
Pole sana dada. Ushauri wangu ni mmoja: andika barua ya kujitoa leo. Chama kisichokujua siku ya msiba hakina haki ya kukujua siku ya mshahara.

KaraniMstaafu
Innalillahi. Mola amrehemu baba yetu. Nahodha, uchungu wako naufahamu, lakini tusimharakishe mwenye msiba. Binti yangu, kabla ya kumshuku mtu, chukua slipu usome mstari wenyewe wa makato. Umeandikwa michango ya mwanachama, au ada ya uwakala? Kisha linganisha slipu za Lamu na hizi za Malindi.

BintiMokowe
Ahsante mzee. Nimezitazama zote. Za Lamu zinasema michango ya chama. Za Malindi, tangu ya kwanza, zinasema ada ya uwakala. Ndiyo nini hiyo?

KaraniMstaafu
Basi fundo tumelipata. Hayo ni makato mawili tofauti ijapokuwa pesa zote huishia kwenye akaunti ya chama kimoja.

Mchango ni wa mwanachama. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, kifungu cha 48, inasema chama kinampelekea mwajiri fomu iliyotiwa sahihi na mfanyakazi, ile inayoitwa Fomu S, na mwajiri anatakiwa aanze kukata ndani ya siku 30 tangu kuipokea. Bila fomu hiyo kufika mezani kwake, mwajiri hana njia ya kukuhesabu kuwa mwanachama, hata kama ulikuwa mwanachama shupavu kwa mwajiri wa kwanza.

Ada ya uwakala iko kifungu cha 49. Chama kikishafunga na mwajiri mkataba wa pamoja, yaani makubaliano ya mishahara na masharti ya kazi ya wafanyakazi, na mkataba ukasajiliwa mahakamani, kinaweza kumwomba Waziri wa Leba atoe amri kwamba wafanyakazi wanaofaidika na mkataba huo, nao si wanachama, wakatwe ada. Maana nyongeza ya mshahara na marupurupu waliyoyapigania wenzao yanawafikia na wao. Anayekatwa ada hii analipia mkataba tu. Hapigi kura tawini, na mkono wa rambirambi haumhusu.

Kwa hivyo katibu na ofisi ya mishahara kila mmoja alikwambia ukweli wa karatasi iliyo mbele yake. Swali lililobaki ni fomu yako imelala wapi.

NahodhaMkavu
Mzee, hiyo ada ni dhuluma. Mtu akatwe kwa chama asichojiunga nacho? Katiba kifungu cha 41 inampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama, haikusema alazimishwe.

MwalimuMuyeye
Nahodha, hajalazimishwa kujiunga. Nimeshuhudia mgomo ukivutwa hadi watu wakakosa mishahara, na mkataba ulipotiwa sahihi walionufaika wa kwanza ni wale waliokaa pembeni wakisema hayawahusu. Mimi naiona ada hiyo ni haki, mradi mkataba upo na amri ya Waziri ipo. Kimoja kikikosekana, hapo una hoja, na mfanyakazi anaruhusiwa kuuliza aonyeshwe.

Na kwa dada: kujitoa hakutakusaidia. Kwenye daftari la mwajiri wewe bado hujaingia, utajitoa wapi? Hata mwanachama kamili akijitoa kwa barua, mchango unasimama mwezi unaofuata, kisha anaweza kuanza kukatwa ada ya uwakala. Utabaki hapo hapo ulipo.

BiShellaMalindi
Pole mwanangu. Niliwahi kuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwa muda mrefu, na haya nimeyaona mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Mfanyakazi anatia sahihi, mwakilishi anaziweka fomu kwenye droo akisubiri zikusanyike nyingi azipeleke pamoja, kisha anahamishwa kituo au uchaguzi wa tawi unambadilisha. Fomu zinakaa. Wenye fomu hawajui, kwa sababu pesa inakatwa na mstari upo. Linanikera mno, maana yule mwakilishi ndiye sura pekee ya chama ambayo mfanyakazi wa kawaida huiona.

Nijibu mawili. Una nakala ya fomu? Na mwakilishi uliyempa bado yupo?

BintiMokowe
Shikamoo bibi. Niliipiga picha kwa simu kabla ya kumpa, sahihi na tarehe vinaonekana. Haina muhuri wa mwajiri. Mwakilishi alishahamishwa, aliyepo sasa ni mwingine.

BiShellaMalindi
Marahaba. Picha hiyo itunze kama hati ya shamba. Ichapishe sasa hivi.

Achana na kudai urudishiwe pesa zote. Ungekuwa mwanachama ungekatwa mchango vilevile, na mwajiri alikata kwa karatasi aliyokuwa nayo. Ukianza na pesa watakupeleka huko kwenye hesabu na utachoka. Dai lako ni kwamba ulijiunga siku uliyotia sahihi, na aliyeshindwa kuifikisha fomu ni mtu wa chama, si wewe. Mwakilishi alipokea kwa niaba ya chama.

Mwandikie katibu wa tawi barua. Eleza tarehe ya kutia sahihi, taja cheo cha uliyempa, ambatisha picha, slipu za Lamu na za Malindi, na barua yako ya kwanza ya rambirambi. Omba kamati ya tawi ikuhesabu mwanachama kuanzia tarehe ile na ilifikirie ombi la rambirambi kwa msingi huo. Nenda na nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Omba pia katiba ya chama usome ibara ya misaada, kwa sababu vyama vingine vina muda wa kungoja kabla ya kustahili. Kama Lamu ulikuwa mwanachama wa chama hicho hicho, muda huo wa nyuma una uzito, usiuache nje.

Siku hiyo hiyo jaza Fomu S mpya. Usingoje kamati iamue.

KaraniMstaafu
Naunga mkono neno kwa neno. Tawi likikataa, omba wakatae kwa maandishi, ukate rufaa makao makuu kwa utaratibu wa katiba yao. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina kituo hapa Malindi, lakini kwa jambo hili ningeiweka mwisho kabisa. Kamati nyingi zikiona sahihi na tarehe hulegea.

NahodhaMkavu
Nimeelewa. Dada, usijitoe. Na wewe bibi, ahsante, nami kesho naitazama slipu yangu.

BintiMokowe
Nimerudi. Barua imepokelewa na nakala yangu ina muhuri. Katibu alipoiona picha ya fomu alinyamaza kidogo, akaniambia ataipeleka kwa kamati mkutano ujao, na akanipa pole ambayo siku ile hakunipa. Mwakilishi mpya amepekua droo, fomu yangu imo, pamoja na za wenzangu wengine wa idara ambao nao wanakatwa ada ya uwakala wakijijua ni wanachama. Tumezipeleka zote kwa ofisi ya rasilimali watu.

BiShellaMalindi
Alhamdulillahi. Sasa msikilizeni mwanangu: kila mmoja wenu apate nakala yenye muhuri wa mwajiri na tarehe. Siku 30 zinahesabiwa kutoka hapo. Slipu ikitoka na bado inasema ada ya uwakala, nendeni pamoja ofisini na nakala mkononi, na kama hawatarekebisha, pitieni ofisi ya leba. Na hao wenzako wajulishe usiku huu, kabla hajafiwa mwingine.