Saini ya mzazi inamlinda nani? Mjadala kuhusu kuwahoji watoto katika tafiti za afya

Mleta mada

Wadau, naleta hoja ambayo kila ikitajwa watu hugawanyika. Tafiti nyingi za afya na ustawi wa watoto hazimfikii mtoto mpaka mzazi au mlezi atie saini. Je, sharti hilo libaki hivyohivyo hata utafiti unapohusu mambo ambayo mtoto huenda anafanyiwa nyumbani kwao, au pale ambapo hana mlezi wa kueleweka? Mimi nasema lisibaki. Kamati huru ya maadili iwe na mamlaka ya kuliondoa kwa tafiti za aina hiyo, mradi mtoto mwenyewe aelezwe, aulizwe na akubali.

Sharti hili halikuzuka tu. Willowbrook ilikuwa taasisi ya watoto wenye ulemavu wa akili jijini New York, na kuanzia miaka ya 1950 watafiti waliwaambukiza baadhi ya watoto wa pale homa ya ini kwa makusudi ili kuuchunguza ugonjwa na kinga yake. Mwaka 1966 daktari Henry Beecher aliuweka utafiti huo katika orodha yake ya tafiti 22 zenye kasoro za kimaadili. Wengi hukitumia kisa hicho kudai saini za wazazi zikazwe zaidi. Lakini wazazi wa Willowbrook walisaini! Taasisi ilikuwa imefurika, na kuna kipindi ambapo upokeaji wa kawaida ulisimama huku kitengo cha utafiti kikiendelea kuingiza watoto. Mzazi aliyeelemewa angefanya nini? Karatasi zilikuwa zimekamilika na watoto waliugua vilevile.

Tuje kwenye tafiti zetu za dodoso. Fomu ya ridhaa ikipelekwa nyumbani ili irudi na saini, zisizorudi hazipotei kwa bahati. Nyingi ni za familia zenye hali ngumu, za wazazi wasiosoma, za nyumba ambamo mtu mzima hapendi mtoto aulizwe kuhusu kipigo au ulevi. Sampuli inayobaki inatuonyesha watoto kuwa salama zaidi kuliko walivyo kweli, kisha programu za kinga zinapangwa kwa picha hiyo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 12, unampa mtoto anayeweza kuwa na maoni yake haki ya kuyatoa katika mambo yote yanayomhusu. Sijaona humo maneno "mzazi akipenda".

Mchangiaji wa kwanza (mzazi)

Mkuu, kwa Willowbrook umejifunga mwenyewe. Kama wazazi walibanwa mpaka wakasaini, tiba ni kuwaondolea kile kilichowabana. Wewe unataka kuwaondoa wazazi wenyewe. Mtoto wa miaka 11 akiombwa na mtu mzima mwenye kitambulisho shingoni, tena darasani, mwalimu kasimama mlangoni, atathubutu kukataa? Unasema "aulizwe na akubali" kana kwamba mtoto ana uzoefu wa kuwakatalia wakubwa.

Na Mkataba huohuo una ibara ya 5, inayotaka dola iheshimu wajibu na haki ya wazazi ya kumwongoza mtoto kadiri uwezo wake unavyokua. Usituchagulie ibara.

Halafu kwa nini watoto wahojiwe kabisa? Utafiti uliofungua macho ya wengi kuhusu madhara ya mateso ya utotoni, ule wa Felitti na Anda wa mwaka 1998, uliwauliza watu wazima. Tulijifunza kwamba kadiri mtu alivyopitia mateso ya aina nyingi zaidi utotoni, ndivyo hatari ya maradhi ukubwani inavyopanda. Hakuna mtoto aliyesumbuliwa ili tulijue hilo.

Mchangiaji wa pili

Naungana na mzazi. Watoto wa mazingira magumu wamechoka kuhojiwa. Kila mradi unakuja na dodoso lake, na hakuna anayerudi kuwaambia alichopata. Kabla ya kujadili saini, tujadili kama utafiti wenyewe unahitajika.

Mleta mada

Mchangiaji wa pili, hilo nalipokea lote, na kamati inapaswa kuliuliza kabla ya jingine lolote.

Kuhusu kuwauliza watu wazima: anayesimulia kipigo cha miaka 40 iliyopita hawezi kukuambia nini kinaendelea mwaka huu, kwa hiyo hakusaidii kupanga kinga ya leo. Kuna tatizo jingine zito zaidi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019, uliojumlisha tafiti nyingi, ulilinganisha ukatili uliorekodiwa watoto wakiwa bado watoto na ule waliousimulia wenyewe baadaye. Makundi hayo mawili hayakuoana sana. Wengi waliorekodiwa utotoni hawakusimulia ukubwani, na wengi waliosimulia hawakuwahi kurekodiwa. Ukitegemea kumbukumbu peke yake unachunguza watu wengine.

Kuhusu hofu kwamba swali lenyewe linaumiza, mwaka 2005 watafiti waligawa kwa kura zaidi ya wanafunzi 2,300 wa sekondari katika jimbo la New York. Baadhi waliulizwa kuhusu kujiua, wengine hawakuulizwa. Walioulizwa hawakuonekana kuwa na dhiki zaidi wala mawazo zaidi ya kujiua, hata wale waliokuwa na sonona tangu mwanzo. Hiyo haimaanishi kila swali ni salama kwa kila mtoto, ila "usimuulize, utamharibu" haina mashiko iliyokuwa nayo zamani.

Mchangiaji wa tatu (msaili wa nyanjani)

Niwatoe kwenye nadharia kidogo. Zipo tafiti za kitaifa za ukatili dhidi ya watoto, zinazowahoji vijana wa miaka 13 hadi 24 nyumbani kwao. Ya kwanza ilifanyika Swaziland mwaka 2007, nchi ambayo sasa ni Eswatini, na ikabainisha kuwa takribani msichana 1 kati ya 3 alikuwa amefanyiwa aina fulani ya ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Zimefanyika nchi nyingi baada ya hapo.

Ridhaa yake huenda kwa ngazi. Mzazi huelezwa kwamba ni utafiti wa afya na maisha ya vijana. Maelezo kamili kuhusu ukatili anapewa mhojiwa peke yake, faraghani. Maeneo ya kuhoji wasichana hutengwa na ya wavulana, ili aliyetenda ukatili na aliyetendewa wasije wakahojiwa mahali pamoja na siri ikavuja. Na kabla hujabisha hodi popote lazima kuwe na mpango wa rufaa: huduma ipi, nani atapokea, nani atafuatilia.

Kinachonikera mimi ni hiyo ngazi ya kwanza. Mzazi anaruhusu jambo ambalo hajaelezwa lote. Naelewa sababu, maana ukimweleza lote unaweza kumwacha mtoto na kipigo usiku huo. Lakini basi tuite jambo kwa jina lake. Ni afadhali kamati itamke wazi kwamba ruhusa ya mzazi imeondolewa kuliko kukusanya ruhusa ya nusu na kuiita ulinzi. Nyanjani sijaona mtoto akilindwa na karatasi ile. Anayemlinda ni afisa ustawi anayepokea simu. Asipopokea, maswali yote yale ni kumtonesha mtoto kidonda na kuondoka.

Mchangiaji wa nne (nimekaa kwenye kamati ya maadili)

Mnabishana kama milango ya kuondoa ruhusa ya mzazi ipo. Ipo. Kanuni za Marekani tangu mwaka 1983 zinaruhusu bodi ya maadili kuondoa ruhusa ya mzazi pale ambapo si sharti la busara la kumlinda mtoto, na mfano unaotajwa humo ni watoto waliotelekezwa au kuteswa. Zinadai pawepo utaratibu mbadala wa kuwalinda. Miongozo ya maadili ya utafiti ya CIOMS, baraza la mashirika ya kimataifa ya sayansi za tiba, ya 2016 nayo imeacha nafasi kama hiyo. Kazi ngumu ni huo mbadala.

Chukueni utafiti wa Bucharest, mji mkuu wa Romania. Watoto 136 waliokuwa wakiishi kwenye taasisi waligawanywa kwa kura, nusu wakapewa familia za malezi ambazo mradi wenyewe uliziandaa, nusu wakabaki na huduma ya kawaida. Waliohamia kwenye familia waliendelea vizuri zaidi kiakili, hasa waliohamishwa mapema. Aliyewaidhinishia ushiriki kwa niaba yao alikuwa nani? Kwa wengi, mamlaka ya ulinzi wa watoto, yaani dola ileile iliyokuwa ikiendesha taasisi. Kilichonipa moyo ni kanuni waliyojiwekea: hakuna mtoto atakayezuiwa kutoka kwenye taasisi kwa ajili ya utafiti, hata akiharibu hesabu za kundi lake. Mimi siku hizi nikipokea ombi la kuondoa ruhusa ya mzazi natafuta sentensi ya namna hiyo kwanza. Mtafiti ameahidi kupoteza nini ili mtoto asipoteze? Nisipoiona, nakataa.

Mchangiaji wa kwanza (mzazi)

Kwa mtoto asiye na mlezi, au anayeumizwa na huyohuyo mlezi, sina pingamizi tena, iwapo masharti ya msaili na mwanakamati yanafuatwa. Ila msinibebe mzimamzima. Dodoso la darasa zima kuhusu usingizi na chakula, kwa nini nisiulizwe? Hapo hakuna anayelindwa dhidi yangu.

Mleta mada

Usingizi na chakula, uarifiwe mapema kwa lugha unayoielewa na uwe na haki ya kumtoa mwanao, ila kimya chako kihesabiwe kuwa umeruhusu. Utafiti wa kimataifa wa HBSC kuhusu afya na mienendo ya wanafunzi, unaowahoji wanafunzi wa miaka 11, 13 na 15 kila baada ya miaka minne, hutumia njia hiyo katika baadhi ya nchi. Tatizo ni kwamba madodoso halisi hayajagawanyika hivyo. Ukurasa wa kwanza ni usingizi, wa tano ni nani aliyekupiga, na mara nyingi jibu la ukurasa wa tano ndilo linaloeleza ule wa kwanza. Wewe ungelikata dodoso wapi?