Mafundi mnaofunga kempa kwenye pikapu, mtatumaliza barabarani

Wakuu, heshima kwenu. Hii tabia imezidi. Hilux dabo kebini inaingia gereji ipachikwe kempa, yaani kijumba cha kulala kinachokaa kwenye bodi, jioni inatoka inang'aa, na kijumba kizima kimeshikwa na bolti nne za M8 (unene wa milimita 8) zilizopita kwenye bati la bodi. Eti kazi imeisha!

Bati hilo ukiligonga kwa kidole linalia. Gari likishakula rasta, yale mawimbi ya barabara ya vumbi, za kutoka Mto wa Mbu kwenda Ziwa Natron, tundu la bolti linapanuka mpaka linakuwa na umbo la yai, ufa unaanzia hapo, na kutu inamalizia kwa sababu hakuna aliyepaka hata praima kwenye tundu alilotoboa. Kempa inafungwa kwenye chesisi, jamani. Breketi nne zishike chesisi, za mbele zivute chini na kuelekea mbele, za nyuma zivute chini na kuelekea nyuma. Chini ya kempa tandika mpira mzito, siyo kapeti. Mbele weka gogo la mbao lijaze nafasi kati ya kempa na ukuta wa bodi, la sivyo ukishika breki za ghafla kempa inakuja mpaka kwenye kebini. Nati ziwe zile zenye plastiki ndani, na mwenye gari aambiwe akaze tena baada ya kilomita 50 za kwanza. Nani anawaambia wateja hilo?

Ila kinachoniudhi zaidi ni uzito. Tuseme gari linaruhusiwa kubeba kilo 1,000. Kempa 550, maji lita 80, watu wanne 300, friji na betri 60, madumu mawili ya dizeli kama 34. Tayari ni 1,024, na hujapakia hata sufuria.

Halafu tangi la maji mnalitupa kule mwisho kabisa, karibu na mlango! Hilux ya sasa ina mita 3.085 kati ya ekseli na ekseli. Kilo 100 zikikaa mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo inabeba 132, na ya mbele inapunguziwa 32. Ndiyo maana usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli na taa zinamulika juu ya miti. Maji na betri vikae mbele, vimeegemea kebini.

Dawa yenu ya mkia kuinama ni mifuko ya upepo ya kusaidia springi za nyuma. Mfuko hauongezi uwezo wa gari hata kilo moja! Unasukuma chesisi sehemu moja tu, na mzigo unaoning'inia nyuma unaikunja pale kati ya kebini na bodi. Milango ya nyuma ikianza kugoma kufunga, kachungulieni chini. Fungeni springi za uzito unaostahili, na shokapu zake.

Vumbi nalo: gari likitembea hewa nyuma yake inavuta, kwa hiyo raba inayokosekana kwenye mlango wa nyuma inaingiza vumbi hadi kwenye godoro. Silikoni mnazopaka zinabanduka zenyewe.

Fundi anayebisha alete karatasi ya mizani, ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, gari likiwa na maji na watu. Habari za "nimefunga nyingi" abaki nazo.