Tupeane uzoefu: Ni filamu gani ya Alicia Vikander iliyokugusa?

Ndugu wanachama, naomba tupeane uzoefu kuhusu Alicia Vikander, mwigizaji wa Sweden aliyezaliwa Gothenburg mwaka 1988 na kusomea baleti katika Shule ya Kifalme ya Baleti mjini Stockholm kabla ya kugeukia filamu.

Nianze mimi. Nilicheza dansi ya jukwaani kwa miaka tisa, hadi goti liliponilazimisha kuacha, na niliposoma kwamba Vikander naye alisumbuliwa na majeraha akiwa mwanafunzi wa baleti, nilianza kumtazama kwa jicho la mchezaji. Katika Ex Machina anacheza Ava, roboti mwenye uso wa binti. Tunapomwona mara ya kwanza yuko nyuma ya kioo, anatembea huku mlio hafifu wa mashine ukimfuata, na kila hatua inatua pale pale inapotakiwa kutua, bila bega kuyumba wala kichwa kutangulia. Nilikirudia kipande hicho mara nne. Filamu hiyo ilipata Oscar ya madoido ya picha mwaka 2016, na kompyuta ilistahili sifa hiyo, lakini mwendo ule ni wa mtu aliyesimamishwa kwenye mbao za mazoezi tangu utotoni, na mimi niliutambua mwilini mwangu kabla sijaufikiria.

Mchangiaji anayeishi Gothenburg:
Asante kwa mada. Mimi nachagua Till det som är vackert ya mwaka 2010, iliyoongozwa na Lisa Langseth, ambayo ilimpatia Guldbagge, tuzo ya filamu ya Sweden. Anacheza Katarina, msichana wa mtaa wa watu wenye kipato kidogo, ambaye muziki wa Mozart unamteka moyo hata akapata kazi ya mapokezi katika ukumbi wa muziki wa mji huu. Nilipofika hapa nilifanya usafi wa ofisi usiku, na mara nyingi nilipita mbele ya ukumbi huo nikaona watu wakitoka na makoti mazuri, nami nikashika njia ya kituo cha tramu. Sikuwahi kumweleza mtu hisia ile. Katarina aliponyamaza akisikiliza, nililia, kwa kuwa nilijua anaogopa kuulizwa anafanya nini mahali pale.

Mchangiaji mkalimani:
Kwangu ni A Royal Affair ya mwaka 2012, ambamo yeye, Msweden, alijifunza Kidenmark ili amcheze Malkia Caroline Mathilde wa Denmark. Watu hudhani lugha hizo zikikaribiana kazi huwa nyepesi. Mimi natafsiri kati ya Kinyarwanda na Kirundi, na najua kwamba ukaribu ndio unaokuponza, kwa sababu ulimi hurudi nyumbani bila kukuaga. Oscar ya mwigizaji msaidizi aliipata kwa The Danish Girl, akiwa mchoraji Gerda Wegener, lakini mimi ningempa kwa nafasi ile ya malkia.