Masundosundo na mimba ya miezi mitano: dawa niliyouziwa nipake au niache?

MamaMtarajiwa_Dom
Habari zenu wanajukwaa. Niko Chang'ombe, Dodoma, mimba yangu ya kwanza, miezi mitano. Sehemu za siri kwa nje vimeniota vinyama, vilianza viwili vitatu, sasa vimeshikana kama koliflawa. Haviumi, vinawasha tu, na nikijisafisha vinatoa damu kidogo. Duka la dawa muhimu wameniuzia podofilini bila kuniuliza kama nina mimba. Chupa iko juu ya kabati, sijaigusa. Mume wangu ni dereva wa fuso, yuko Singida, hajui lolote. Nipake? Na ugonjwa huu kauleta nani kati yetu?

Mzee_wa_Zabibu
Dereva wa safari ndefu, jibu si unalo? Mbane akirudi.

NesiWaWazazi
Dada, usipake hata tone. Podofilini inapenya kwenye ngozi hadi kwenye damu, na mjamzito haruhusiwi kabisa kuitumia. Hata asiye na mimba hupakwa na mhudumu, ngozi ya pembeni ikiwa imekingwa kwa vaselini, kisha anaosha baada ya saa chache.

Wewe nenda na kadi yako ya kliniki, uwaambie wazi. Mjamzito anaweza kugandishwa vinyama kwa naitrojeni ya baridi kali, au kupakwa asidi maalumu, ile ya TCA. Vikiwa vidogo, daktari anaweza kukwambia usubiri, maana ujauzito huvikuza na baada ya kujifungua mara nyingi vinanywea vyenyewe. Hakikisha pia umepimwa kaswende na VVU. Kaswende nayo huotesha vinyama bapa, vyenye majimaji, ukadhani ni masundosundo, na tiba yake ni sindano ya penisilini.

Mzee wangu hapo juu, naomba tusimvunjie binti ndoa. Kirusi cha HPV, ndicho kinacholeta masundosundo, kinaweza kukaa mwilini miezi, hata miaka, bila kuonyesha kitu. Hakuna kipimo cha kusema kimetoka kwa nani, na huenda kilikuwepo kabla hawajajuana.

BintiKondoa
Pole mwaya. Mimi nilipata nikiwa na mimba, nikatibiwa hapo hapo mjini. Daktari alichovya kijiti kwenye ile asidi, akagusa kinyama kimoja kimoja, kikageuka cheupe papo hapo. Kinachoma, sikudanganyi, ila ni dakika chache. Nilirudi mara kadhaa. Jiandae, vinaweza kuota tena, hasa miezi mitatu ya mwanzo, usidhani dawa imeshindwa. Jirani akikuletea dawa ya mizizi au maji ya betri, kataa. Kidonda utakachobaki nacho ni kibaya kuliko vinyama.

MamaMtarajiwa_Dom
Asanteni sana, nimepumua. Sasa mtoto je? Shoga yangu kasema lazima nipasuliwe. Na hii si ndiyo saratani?

NesiWaWazazi
Si lazima. Upasuaji unafikiriwa vikiziba njia au vikitishia kutoa damu nyingi. Mtoto kuambukizwa kooni hutokea mara chache mno. Kuhusu saratani, masundosundo mengi huletwa na HPV aina ya 6 na 11, wakati saratani ya mlango wa kizazi inatokana zaidi na 16 na 18. Ila mtu anaweza kubeba zaidi ya aina moja, kwa hiyo ukifika umri wa kupimwa mlango wa kizazi usikwepe. Shemeji naye akaguliwe. Kwa sasa pumzikeni tendo la ndoa hadi upone, baadaye kondomu inapunguza hatari ingawa haifuniki ngozi yote.

Mzee_wa_Zabibu
Nimekuelewa nesi, nafuta kauli. Nina mjukuu wa miaka 11 Mpwapwa, ile chanjo ya shuleni ndiyo hii?

NesiWaWazazi
Ndiyo mzee, ya HPV. Ilianza nchi nzima 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14, bure. Haitibu aliyekwisha kuambukizwa, ndiyo maana wanachanjwa mapema. Akiikosa shuleni, mpeleke zahanati.

MamaMtarajiwa_Dom
Kesho asubuhi naenda kliniki na kadi yangu. Mume nimempigia, kasema akishusha mzigo anarudi tupimwe wote.